Video ya Mabati Yakiruka: Yale Ambayo Simu Yangu Haikuonyesha



Kama umekuwa ukifuatilia ukurasa huu, unaijua ile video. Sekunde 47. Mabati yanainuka kama karatasi ya daftari, yanazunguka hewani, yanaruka ukuta wa ploti na kupotea upande wa shamba la mahindi. Nyuma unaniskia nikisema, "Eeeh! Eeeh! Cheki hiyo!" Mlicheka mpaka mkatoa machozi. Wengine mliichukua mkaiwekea muziki. Kwa siku mbili ilitazamwa zaidi ya mara laki moja, na kwa mtu kama mimi, ambaye video zake hutazamwa na watu mia tatu, nusu yao wakiwa mabinamu, hiyo ilikuwa Krismasi.

Halafu nikaitoa. Mmenijaza inboksi mkiuliza kwa nini. Nitawaambia, lakini ni hadithi ndefu kidogo. Tafuta chai.

Mimi naishi Ruiru, kaunti ya Kiambu, upande wa ndani, mwendo wa nduthi kutoka Thika Road. Mtaa wetu ni mchanganyiko. Kuna ploti za kupangisha, kuna ghorofa ambazo zimekuwa zikijengwa tangu niko shule ya msingi, kuna shamba moja la mahindi ambalo mwenyewe amekataa kuuza, na ng'ambo ya barabara kuna esteti yenye geti, mlinzi na maua. Mathe anauza samaki na kuku. Ana friza moja kubwa aliyoinunua kwa mkopo wa chama, na hiyo friza ndiyo karo, ndiyo kodi, ndiyo bando ninayotumia kuweka hizi makala.

Mkabala na mlango wetu anaishi shosho mmoja na mjukuu wake wa Gredi ya 4. Nyumba yao ni ya zamani, kuta za mawe, juu mabati. Shosho ni mtu wa maneno machache. Akikuona unapita asubuhi anakuuliza kama umekunywa chai, na ukisema bado anakuangalia vibaya.

Ilikuwa mwezi wa nne, saa kumi na nusu jioni. Kutwa nzima kulikuwa na joto la kunata. Kisha wingu jeusi likaja, na mbele yake kulikuwa na ukingo wa kijivu unaokimbia kama pazia linavutwa. Kabla hata tone moja halijaanguka, upepo baridi ukapiga, baridi kama mtu amefungua mlango wa friji. Vumbi. Nguo za watu zikatoka kwa kamba. Mathe akaniita nimsaidie kufunga kibanda. Nikamjibu, "Nakuja." Sikuenda. Nilikuwa nimetoa simu.

Mvua ya mawe ilipoanza nilijibanza chini ya dari ya mlango wetu nikaendelea kurekodi. Ndipo paa la shosho likaanza kupumua. Sina neno lingine. Linainuka kidogo, linarudi. Linainuka, linarudi. Mara ya tatu halikurudi.

Mliona hiyo sehemu. Ambayo hamkuona ni kwamba ndani ya ile nyumba kulikuwa na watu wawili.

Hebu kwanza niseme kilichotokea hewani, kwa sababu kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti kila mtu alikuwa profesa usiku huo. Mmoja akasema ni kimbunga. Mwingine akasema ni dhambi za landilodi. Nikaamua kusoma.

Haikuwa kimbunga. Kimbunga huzaliwa baharini na kinaweza kudumu siku nyingi. Yetu ilikuwa mvua ya radi, ile ya mchana wa joto. Jua linapasha ardhi, hewa yenye unyevu inapanda, inajenga wingu linaloweza kufika zaidi ya kilomita 10 kwenda juu. Ndani yake matone na mawe ya barafu yanazidi kuwa mazito mpaka yanaanguka, na yakianguka yanaburuta hewa kuja nayo chini. Njiani, sehemu ya ile mvua inageuka mvuke, na hiyo inaipoza hewa zaidi. Hewa baridi ni nzito, kwa hivyo inaporomoka kwa kasi. Ikigonga ardhi haina pa kwenda isipokuwa pembeni. Mwaga ndoo ya maji kwa sakafu ya simiti uone vile yanavyotawanyika. Sasa fikiria ndoo hiyo ina upana wa mtaa mzima. Ule upepo baridi uliotangulia mvua ulikuwa ukingo wa hayo maji.

Kuna kitu kingine kilinishangaza. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Yaani upepo wa kilomita 80 kwa saa unasukuma paa kwa nguvu mara nne zaidi ya ule wa kilomita 40. Kwa hivyo yule fundi anayekuambia "hii nyumba imepigwa na upepo miaka kumi na haijasonga" hajakudanganya. Ni vile tu ule upepo wa kuijaribu ulikuwa haujafika.

Wetu ulipiga kama dakika ishirini. Ulipokwisha, jua likatoka kama halijui chochote. Mkaratusi mkubwa ulio karibu na kanisa ulikuwa umelala barabarani, na chini yake kulikuwa na nguzo mbili za stima na waya kila mahali. Stima zilikuwa zimepotea tangu sekunde za kwanza.

Usiku wa kwanza, niwe mkweli, ulikuwa mtamu. Watoto nje, mishumaa, hadithi, nyota ambazo sijawahi kuziona Ruiru. Shosho na mjukuu walilala kwa jirani mwenye chumba cha ziada. Mimi nilikuwa na asilimia 34 ya chaji na nikaitumia yote kupandisha video.

Siku ya pili utamu ukaisha. Stima zikipotea kwetu, maji nayo yanafuata, kwa sababu pampu ya kisima inatumia stima. Kufikia saa nne asubuhi tangi lilikuwa tupu. Mtungi wa lita 20 ukapanda kutoka mbao hadi finje. Kuchaji simu kwa yule buchari mwenye jenereta ilikuwa mbao, na foleni. Nilipanga foleni hiyo dakika arobaini ili nione video imefika wapi. Wacha hiyo ikae hapo, nitairudia.

Mchana kutwa, watoto wa mtaa walikuwa wanaruka waya mmoja uliolala kwenye njia ya kwenda dukani. Wameufanya mchezo. Watu wazima tulikuwa tunapita tukiuvuka pia, kwa sababu akili yetu ilisema hakuna stima, kwa hivyo huo ni waya tu. Mnamo saa kumi na mbili jioni taa za mtaa wa pili ziliwaka ghafla, watu wakapiga kelele za furaha, na ule waya ukatoa cheche kwenye nyasi zilizoloa. Kama sekunde tatu hivi. Halafu giza tena. Bahati ya Mungu watoto walikuwa wameitwa kuoga.

Hakuna mtu aliyesema kitu kwa muda mrefu. Kisha fundi mmoja wa stima anayeishi kwetu akachukua viti na kamba ya nguo akazingira hiyo sehemu, akasimama hapo akifukuza watu mpaka usiku. Alituambia kitu ambacho nataka ukishike: waya ulioanguka ni waya wenye stima mpaka mwenye laini aje aseme hauna. Umekaa umekufa masaa ishirini na nne? Mtu akiwasha upande mwingine, umefufuka. Kaa mbali angalau mita 10, na ardhi ikiwa imeloa ongeza. Na usiende kuusogeza na fimbo ati kwa sababu mbao haipitishi stima. Mbao iliyoloa inapitisha.

Siku ya tatu, friza.

Friza iliyojaa na ambayo haifunguliwi inaweza kushika baridi karibu masaa 48. Ikiwa nusu, kama masaa 24. Sasa unajua. Sisi hatukujua. Sisi tulikuwa tunaifungua kila baada ya saa moja kuangalia kama bado ni baridi. Kila ukifungua unamwaga baridi nje, halafu unashangaa mbona haina baridi. Alfajiri ya siku ya tatu mathe aliingiza mkono, akautoa, akanusa vidole, akanyamaza.

Kuku na samaki wengi tuliwatupa. Wale wachache waliokuwa chini kabisa, bado wana barafu, aliwakaanga kwa jiko la makaa tangu asubuhi na kuwauza kwa bei ya hasara, wengi kwa deni. Tukapiga hesabu: elfu kumi na nne zimeenda. Na mkopo wa chama haujui habari ya upepo.

Nikajaribu kumchangamsha. Nikamwambia, "Mathe, video imefika laki moja." Alikuwa anageuza samaki. Hakuniangalia. Akasema, "Una watu laki moja ndani ya simu, na hakuna hata mmoja wa kununua samaki?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jioni hiyohiyo shosho aliniita. Kuna kijana wa ploti alikuwa amemwonyesha mjukuu ile video, ile yenye muziki, na mtoto akaenda kumwambia shosho kwamba nyumba yao iko kwa intaneti na watu wanacheka.

"Kijana wangu," akasema, "hebu kuja unionyeshe hicho kitu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaketi kando yake kwenye benchi, nikatafuta ile ya kwangu isiyo na muziki, nikampa simu. Akaitazama yote. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya pili ndipo mimi mwenyewe niliskia kitu ambacho sikuwa nimeskia. Chini ya sauti yangu, chini ya mvua, kuna sauti ya mwanamke anaita jina la mtoto, anamwambia aingie chini ya kitanda. Iko pale tangu sekunde ya 19. Nilihariri hiyo video, nikaikata, nikaiandikia maneno, na sikuwahi kuiskia.

Shosho akanigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akaniuliza tu, "Kwani ulikuwa umesimama hapo wakati wote huo?"

Nikasema, "Pole, shosho."

Akakaa. Kisha akarudishia simu usoni, akaweka kidole kwenye kioo. "Pole nimeskia. Sasa hii bati ya mwisho, hapa inaonekana ikienda wapi? Nimepata kumi. Zilikuwa kumi na mbili."

Wasee, tulizipata. Tulitumia ile video kama ramani. Nikaisimamisha sekunde baada ya sekunde, tukalinganisha na mti wa parachichi na ukingo wa ukuta, nikaenda kwenye shamba la mahindi na kuzikuta mbili, moja imekunjika kama samosa, nyingine nzima kabisa. Hiyo ndiyo faida pekee ambayo ile video ilimletea mtu aliyekuwa ndani yake. Usiku huo nikaitoa.

Sasa tufike kwenye maoni, kwa sababu ndiyo kazi ya huu ukurasa.

Fundi aliyekuja kurudisha paa la shosho alinionyesha misumari ya zamani. Ilikuwa michache, na mingi ilikuwa imeshika mbao zilizooza. Lakini shida kubwa ilikuwa nyingine: zile mbao za paa zilikuwa zimeketi tu juu ya ukuta. Hakuna kilichozifunga. Upepo ukipita juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ukiingia kwa dirisha au kwa nafasi iliyo chini ya mabati unalisukuma kutoka ndani. Kwa hivyo paa haliangushwi, linanyanyuliwa. Dawa yake ni ukanda mwembamba wa chuma unaotoka ndani ya ukuta na kukumbatia mbao, mabati ya geji nzuri (kumbuka geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, namba ikipanda bati linapungua), na misumari au skrubu za kutosha hasa kwenye kingo, kwa sababu kingo ndizo huanza kuondoka. Kazi yote ya ziada kwa nyumba ya shosho, ukiondoa mabati, iligharimu chini ya kile mathe alipoteza kwa samaki. Tulichanga mtaa mzima. Mimi nilichanga kidogo na kubeba mbao nyingi.

Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282 kwenye sensa ya 2009. Sensa ya 2019 ilihesabu 2,417,735, ya pili baada ya Nairobi. Hao ni karibu watu laki nane zaidi ndani ya miaka kumi, na Thika Road mpya ilifunguliwa katikati ya hiyo miaka, 2012. Wote hao walihitaji pa kulala haraka, na vitu vya haraka ndivyo vinajengwa: mashamba yanakatwa vipande, nyumba zinapanda, na waya za stima zinafuata nyuma zikipita katikati ya miti iliyokuwepo kabla yetu. Nchi ina kanuni mpya za ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Ni sawa. Lakini kanuni haipandi ngazi kuangalia kama mbao yako imefungwa. Lazima mtu aje aangalie, na kwetu sijawahi kumwona mtu huyo. Vivyo hivyo na ule mkaratusi: kila mtu alijua umeinamia laini. Hata watoto walijua. Tulikuwa tunasema "huo mti siku moja..." halafu tunaendelea na safari.

Tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani. Dunia ilizungumza. Hiyo ni shida ya gridi nzima na ina wakubwa wa kuijibu. Lakini mtaa wenu ukikaa siku nne gizani kwa sababu nguzo mbili zimeanguka, hiyo si habari. Hiyo ni shida yenu. Na hapa ndipo nina maneno nasi wenyewe.

Jioni ya siku ya pili, esteti ya ng'ambo ilipata stima. Kwenye grupu yetu watu walichemka: "Ni kwa sababu wao ni matajiri!" Kuna ukweli hapo, lakini si wote. Wale wako kwa laini nyingine. Na kwa kawaida mafundi huanza na laini kubwa, kisha zile zinazorudishia watu wengi kwa mara moja, halafu ndipo wanashuka kwa vichochoro. Ukiwa kwa kichochoro, ukiwa na nguzo zilizovunjika, wewe ni wa mwisho. Hiyo ni hesabu.

Lakini esteti ina kamati. Ina mtu mmoja mwenye kazi ya kupiga simu, ambaye anajua transfoma yao ni namba gani na anaandika namba ya malalamiko. Sisi kwenye grupu tulikuwa watu 62, na kwa siku mbili na nusu tuliandikiana "stima zimerudi?" zaidi ya mara mia. Tulikuwa tunalalamikiana. Kila mmoja alidhani mwingine ameripoti.

Aliyetuokoa ni dada mmoja muuguzi, aliyerudi kutoka zamu ya usiku akakuta bado tuko gizani. Aliuliza swali moja: "Nani ana namba ya malalamiko?" Kimya. Akaenda mpaka kwenye transfoma akaandika namba yake, akakusanya namba za mita za nyumba kadhaa, akapiga, akasubiri, akapewa namba, akaiweka kwenye grupu. Kisha akagawa zamu: kila baada ya masaa mawili mtu tofauti anapiga akitaja namba ileile, na anasema wazi kwamba kuna waya chini na watoto karibu. Siku ya nne saa tano asubuhi gari lilikuja. Pengine lingekuja tu. Lakini dereva aliposhuka alikuwa na ile namba kwenye karatasi yake.

Na stima zikarudi kwa fujo. Nyumba mbili ziliunguza televisheni. Fundi wetu alieleza hivi: kwa laini ya fezi tatu, waya wa nyutro ukikatika au ukilegea, nyumba iliyozoea volti 240 inaweza kupata nyingi zaidi, hata kukaribia 415, na jirani yake apate kidogo. Ndiyo maana unaona balbu zinawaka kama jua halafu zinapasuka. Sheria ya Kawi ya 2019 inazungumzia fidia kwa hasara inayoletwa na stima mbovu, na EPRA, ambayo ndiyo mdhibiti, hupokea malalamiko ambayo hayajatatuliwa na mtoa huduma. Lakini huwezi kudai kwa mdomo. Lazima uwe na picha, tarehe, saa, risiti na ile namba ya malalamiko. Wenye televisheni wawili hawakuwa na risiti. Ndio hivyo.

Kwa hivyo haya ndiyo mambo tumekubaliana kwenye ploti yetu, na nakusihi uyapeleke kwa grupu yenu leo, kabla wingu halijakuja.

Andikeni namba ya transfoma yenu na muibandike kwa ukuta. Chagueni watu wawili wa kuripoti, na wakiripoti waweke namba ya malalamiko kwenye grupu. Stima zikipotea, chomoeni friji, televisheni na kila kitu kwa soketi, acheni balbu moja ya kuwajulisha zimerudi, na msubiri dakika kadhaa kabla ya kuchomeka tena. Friza isifunguliwe, hata ukiwa na wasiwasi kiasi gani. Mwenye mti ulioegemea laini aambiwe sasa, na msipande kuukata wenyewe, itwe kampuni. Mpigieni landilodi simu muulize paa limefungwaje kwenye ukuta. Akikasirika, muulizeni tena. Na tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa mzisome. Zikitaja upepo wa noti 25, hiyo ni kama kilomita 46 kwa saa, na ndani ya mvua ya radi unaweza kupigwa na zaidi ya hapo.

Kuhusu mimi na simu. Sijaacha kurekodi, na sitawadanganya kwamba nitaacha. Video inaweza kusaidia. Yetu ilipata mabati mawili. Picha za waya ulioanguka ndizo dada muuguzi alituma aliporipoti. Lakini nimejiwekea sheria moja: kabla sijabonyeza ile duara nyekundu, najiuliza kama kuna mtu anahitaji mikono yangu. Nikirudia hiyo video kichwani, najua nisingeweza kushika paa. Hakuna mtu angeweza. Lakini ningeweza kumsaidia mathe kufunga kibanda alipoita. Na paa lilipoondoka, kutoka mlango wetu hadi wa shosho ni hatua tisa. Nimezihesabu. Walitoka wenyewe, wameloa, mtoto ana jeraha dogo kwa mguu, na mimi nilikuwa bado naangalia kama video imeshika vizuri.

Wiki jana upepo ulirudi. Si kama ule, lakini vumbi liliruka na mabati ya mtaa yakaanza kupiga makofi. Nikaacha simu kitandani, nikamfungia mathe kibanda, nikatoka kuangalia upande wa pili. Paa la shosho halikusonga hata kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananiangalia kutoka miguu mpaka mikono.

"Leo huna simu?" akauliza.

"Iko kwa nyumba, shosho."

"Na hii siku paa langu limekaa vizuri ndiyo hutaki kulipiga picha," akasema, akaingia ndani.

Kwenu je? Mara ya mwisho mlikaa gizani siku ngapi, na ni nani aliyepiga simu?